Grafu niliyoifundisha miaka minane ina kosa langu mwenyewe

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mhadhiri wa ikolojia ya mimea. Tangu 2013 nina kwadrati 24, yaani miraba ya kupimia mimea, kwenye uwanda wa nyasi, kila moja mita moja kwa mita moja, kona zake zimepigiliwa vigingi vya chuma. Kila mwaka mvua zikikaribia kukatika nawapeleka wanachuo wa mwaka wa pili. Wanapiga magoti, wanakadiria kila spishi imefunika asilimia ngapi ya mraba, wanaandika. Ndivyo ninavyofundisha, na ndivyo ninavyofanya utafiti. Fedha za kuvitenganisha viwili hivyo sina.

Nyasi zetu kuu ni mbili, Digitaria na Eragrostis. Mpaka 2016 Digitaria ilifunika wastani wa asilimia 38 na Eragrostis asilimia 12. Mwaka 2017 zikapinduana: Digitaria 13, Eragrostis 36, na zimebaki hapo hapo hadi leo. Mvua za 2016 zilikuwa haba sana, basi maelezo nikawa ninayo mkononi. Nikatengeneza slaidi, nikaipa kichwa: "Hivi ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyoonekana ukipiga magoti." Nimeionyesha miaka minane. Nimeiwasilisha kwenye kongamano, na mwanachuo wangu wa uzamili anaijengea tasnifu.

Msimu huu, kwenye kwadrati namba 9, mwanachuo mmoja ambaye darasani huwa hasikiki aliniita. Alikuwa amelivuta jani taratibu likaachana na shina, lenzi mkononi. "Mwalimu, karatasi inasema Eragrostis ina utando hapa, na utando nauona. Lakini kitabu cha utambuzi kinasema Eragrostis ina vinywele." Nikaichukua lenzi nikijua ninakwenda kumsahihisha. Nikaona utando mweupe, mwembamba, hakuna unywele hata mmoja. Ilikuwa Digitaria.

Karatasi ile niliichora mimi, mwaka 2017, fundi wetu wa uwandani alipostaafu. Yeye nyasi alizijua kwa kuzishika tu. Mimi nikachora viulimi viwili kwa mkono, yaani kile kipande kidogo pale jani linapoachana na shina, nikaandika majina chini yake, na majina nikayapishanisha. Karatasi hiyo ndiyo imetolewa kopi mwaka hadi mwaka.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Mwenzangu wa idarani anasema nirekebishe faili kimyakimya, nani atajua? Mkuu wa idara anatafuta sababu ya kufuta safari za uwandani, na sasa sababu hiyo ninayo mimi. Ninalohofia zaidi ni darasa: kila mwaka wapo wanachuo wawili watatu wanaosema mabadiliko ya tabianchi ni maneno ya wazungumzaji tu. Nikisimama mbele yao na kusema grafu ile haikuwa kweli, nitakuwa nimewapa nini? Je, nizitupe data za miaka minane? Nianze upya?

Mhadhiri wa nyasi

*

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli. Nikaandika tarakimu zako pembeni: 38 na 12, kisha 13 na 36. Hebu ziangalie kana kwamba ni za mtu mwingine. Mistari miwili inakatana kama mkasi ndani ya msimu mmoja, halafu kila mmoja unatulia karibu kabisa na pale mwenzake alipokuwa. Nyasi za kudumu hazihamiani nyumba kiungwana namna hiyo. Ukame ukiua mashina ya Digitaria, kwanza utaona mashina makavu na udongo mtupu. Kisha huja mimea ya msimu mmoja, ile inayoota haraka na kufa haraka. Anayekuja kurithi nafasi huchukua misimu kadhaa kuijaza. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, fungua safu ya udongo mtupu ya 2017. Kama haikuruka, uwanda ulikuwa unakuambia tangu siku ile kwamba hakuna aliyekufa.

Hili nalisema kwanza kwa sababu wewe unalia na karatasi, na karatasi ni kosa la kawaida la mkono uliochoka. Kosa lililonishughulisha zaidi ni kwamba grafu ilikuja na umbo la ajabu na hukuiuliza, kwa kuwa ilisema ulichokuwa ukitarajia. Nami nimewahi kufanya vivyo hivyo, tena bila kisingizio cha fundi kustaafu.

Sasa data. Usizitupe, lakini usizigeuze kwa mkupuo pia. Najua kishawishi: karatasi ilipishanisha majina, basi na mimi niyapishanishe tena kwenye faili, mambo yaishe. Yangeisha hivyo kama kila mwanachuo aliifuata karatasi kila mara. Hawakuifuata. Yupo aliyezijua nyasi tangu utotoni akaandika jina sahihi bila kuitazama. Na shina likiwa limetoa suke halihitaji kiulimi: masuke ya Digitaria yametanuka kama vidole vya mkono, ya Eragrostis yana vishuke vidogo vidogo vilivyotawanyika, hata mgeni anazitenganisha. Maana yake katika mwaka uleule, pengine katika kwadrati ileile, mashina yenye masuke yaliandikwa sawa na yasiyo na masuke yakaandikwa kinyume. Ukigeuza yote, utayaharibu yaliyokuwa mazima.

Anza na kilichosimama ardhini. Nyasi hizi, ikiwa ni za kudumu, shina lililokuwa kona ya kaskazini ya kwadrati namba 9 mwaka 2018 huenda lipo mpaka leo. Kama wanachuo walichora ramani ndogo za mashina makubwa, au kama una picha zilizopigwa kutoka juu, tembea nazo kwadrati kwa kwadrati ukiwa na lenzi. Shina lililoandikwa Eragrostis miaka sita mfululizo na leo lina utando, umelipata. Picha zenye masuke zitakusaidia hata kwa yale yaliyokufa. Baada ya hapo utabaki na fungu ambalo huwezi kulitambua kwa njia yoyote. Hilo liunganishe: kwa miaka hiyo andika nyasi hizo mbili kama kundi moja. Utapoteza habari ya nani yuko juu ya nani, lakini jumla ya mfuniko itakuwa ya kweli, na ukweli mpana unafaa kuliko undani wa kubahatisha.

Daftari la mwanzo usiliguse. Usifute neno wala kuandika juu yake. Marekebisho yanakaa kwenye safu mpya, yana tarehe, sababu na jina la aliyerekebisha. Atakayekuja baada yako lazima aweze kurudi kwenye kosa lenyewe na kuona ulivyotoka hapo, maana huenda nawe katika kurekebisha umekosea.

Halafu kuna yale ambayo karatasi haikuyafikia kabisa: udongo mtupu, majani makavu yaliyolala, jumla ya nyasi, spishi nyingine zote, na miche ya vichaka. Mimi ningeanza na miche ya vichaka. Mimea hugawanywa kwa namna inavyotumia hewa ukaa kujitengenezea chakula. Nyasi zako zote mbili ni za kundi liitwalo C4, ambalo hukusanya hewa ukaa kwa ufanisi hata ikiwa kidogo. Miti na vichaka karibu vyote ni vya kundi jingine, C3, na hivyo ndivyo vinavyonufaika zaidi hewa ukaa inapozidi. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuipima hewa ukaa pale kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama sehemu 315 katika milioni. Leo imepita 420. Inawezekana kabisa kwamba habari kubwa ya uwanda wako imekaa miaka yote hii kwenye safu ambayo hakuna aliyeitengenezea slaidi. Au haipo. Hujui mpaka uitazame.

Kuhusu mwenzako wa idarani: mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hata tukiacha umbuko, yupo mtu mmoja ambaye ukimya huo utamwangukia kichwani, naye ni mwanachuo wako wa uzamili. Huyo mwambie kabla ya mtu mwingine yeyote. Usimwandikie, kaeni mezani, madaftari yakiwa wazi. Pengine tasnifu yake itabadilika sura na kuwa juu ya namna makosa ya utambuzi yanavyozaa mabadiliko ya uongo kwenye viwanja vya kudumu. Hilo si jambo dogo, ni eneo zima la utafiti. Watu wawili wenye ujuzi wakihesabu kiwanja kimoja, tofauti ya orodha zao kwa kawaida huwa kati ya asilimia 10 na 30, hata bila karatasi mbovu. Baada yake waandikie waandaaji wa kongamano maelezo mafupi ya masahihisho. Kisha darasa.

Hapo kwenye darasa ndipo hofu yako ilipo, nami nataka tukae hapo kidogo.

Wanasayansi wasafiri Alexander von Humboldt na Aimé Bonpland walipanda mlima Chimborazo, kule Ekwado, mwaka 1802. Mwaka 1807 ikachapishwa ile picha maarufu ya Humboldt ya mlima uliopasuliwa kati, majina ya mimea yakiwa yameandikwa kila moja kwenye kimo chake. Mwaka 2012 watafiti wakarudi Chimborazo na kupima upya. Walipolinganisha, wakaona mipaka ya juu ya mimea imepanda zaidi ya mita 500, wakachapisha mwaka 2015. Habari ikasambaa. Miaka minne baadaye kundi jingine likarudi kwenye kumbukumbu za Humboldt mwenyewe, na kugundua kwamba vimo vingi vya mimea ya juu katika picha ile havikutoka Chimborazo. Vilitoka mlima mwingine, Antisana. Mlima uliochorwa ni mmoja, data nyingi ni za mwenzake! Wakaenda Antisana na kulinganisha palepale, na jibu likawa mimea imepanda kati ya mita 215 na 266.

Mpe mwanachuo wako mwenye shaka kisa hiki, kisha umwulize kimebomoa nini. Tarakimu ilipungua karibu nusu. Upandaji haukufutika. Na walioipunguza hawakuwa maadui wa sayansi ya tabianchi, walikuwa wataalamu wa mimea waliokaa na makaratasi ya zamani wakauliza swali lilelile aliloliuliza mwanachuo wako: mbona hapa pameandikwa hivi, nami naona vingine?

Ushahidi kwamba mimea inaitikia joto hautegemei miraba yako 24. Kyoto, Japani, wana kumbukumbu za kuchanua kwa miti ya micheri zinazoanzia karne ya 9. Vilele 302 vya milima ya Ulaya vimehesabiwa na kuhesabiwa tena katika kipindi cha miaka 145, na spishi zinazofika huko juu zinaongezeka kwa kasi inayozidi kukua. Vitu kama hivyo ndivyo vya kubeba uzito wa somo. Slaidi yako ilibeba mzigo ambao haikuumbiwa, hata kama majina yangekuwa sahihi. Miaka minne kabla, mwaka mmoja mkavu, kisha badiliko. Mwaka mmoja mkavu ni hali ya hewa. Tabianchi kwa desturi hupimwa kwa wastani wa miaka 30. Na hata badiliko lingekuwa la kweli, ungejuaje si malisho? Si moto?

Maswali hayo yana njia zake, nazo zinafundishika. Kenya, huko kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, tangu 1995 kuna viwanja vyenye uzio wa aina mbalimbali: mmoja unawazuia tembo na twiga tu, mwingine unazuia na wanyama wengine wakubwa, mwingine unaruhusu ng'ombe au kuwakataa. Ukivilinganisha unajua nani anakula nini. Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, wanachoma viwanja kwa ratiba maalumu tangu 1954, wakiacha vingine bila moto kabisa. Wewe huna uzio wala ratiba ya moto, una vigingi na magoti ya wanachuo. Na kwa kuwa nimeyataja magoti: darasa zima kuzunguka kila mraba kila mwaka ni mifugo ya aina yake. Pima udongo mtupu nusu mita nje ya vigingi na mita kumi mbali, ulinganishe. Usishangae ukikuta uwanda wako una njia za wanaikolojia.

Darasani mimi ningefanya hivi. Ningeionyesha grafu ya mkasi bila kichwa na bila majina ya nyasi, ningesema tu hizi ni spishi mbili na hii ni miaka. Ningewaacha waandike kila sababu inayoweza kuleta umbo hilo, na chini ya kila sababu waandike ni kitu gani kingine kingepaswa kuonekana kama sababu hiyo ni ya kweli. Aliyesema ukame atafute udongo mtupu. Aliyesema malisho atafute mashina yaliyotafunwa. Nadhani kabla ya nusu saa kwisha yupo atakayesema labda mpimaji alibadilika. Hapo ndipo unatoa karatasi ya 2017, kopi yenyewe yenye mwandiko wako, na mashina mawili mabichi, lenzi zizunguke. Usijitetee wala usijidhalilishe. Waambie ulichokosea, lini, nani aliyekiona, na umefanya nini tangu hapo. Wale wawili watatu wenye shaka watakuwa, kwa mara ya kwanza pengine, wamemwona mtu wa sayansi akibadilisha kauli kwa sababu ya kitu kilichowekwa mezani. Wakiendelea kubisha, waulize wangehitaji kuona nini ndipo wabadilishe yao.

Waliohitimu zamani nao waandikie. Baadhi yao sasa ni walimu, na slaidi yako huenda wanayo.

Kuhusu safari za uwandani, kosa lako limegunduliwa uwandani, na mtu aliyepiga magoti. Hakuna aliyeligundua kwenye faili, pamoja na kwamba faili lilikuwa na umbo la mkasi miaka minane. Mwambie hivyo mkuu wako wa idara, lakini usiende mikono mitupu, nenda na mpango. Kuanzia msimu ujao kwadrati tatu kati ya 24 zihesabiwe mara mbili, na vikundi viwili visivyoonana, na tofauti yao ichapishwe pamoja na matokeo. Kila mwaka shina moja la kila spishi likaushwe na kubandikwa, likiwa na lebo ya mahali, tarehe, aliyelichuma na aliyelitambua. Lichumwe nje ya vigingi, tafadhali, usiing'oe data yako mwenyewe. Kama idara haina hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kabati kavu lisilo na wadudu litatosha kuanzia. Ungekuwa na mashina manane ya namna hiyo leo, kazi ninayokupa hapo juu ingekuwa ya mchana mmoja.

Tena makaratasi ya mimea iliyokaushwa hujibu maswali ambayo aliyekausha hakuyajua. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea Woodward alichukua majani ya miti kutoka hebaria, yaliyokusanywa katika miaka 200, akahesabu vitundu vya kupumulia na kukuta vimepungua kwa asilimia 40 kadiri hewa ukaa ilivyoongezeka. Waliobandika majani yale walikuwa wanataka majina tu.

Yule fundi aliyestaafu, kama yu hai na ana nguvu, mtafute. Msiende kwa sherehe. Mpeleke kwadrati namba 9 na mbili tatu nyingine, mwache ashike nyasi bila kumwambia kilichotokea, uandike anachosema. Vipimo vya 2013 hadi 2016 umeviamini kwa sababu vilikuwa vyake. Ni haki navyo vikaguliwe.

Na kwenye lebo ya shina la kwanza utakalolibandika, lile la utando, pale palipoandikwa "aliyelitambua", mwombe ruhusa yule mwanachuo uandike jina lake. Akikubali, liandike kwa wino usiofutika, kisha uniandikie uniambie safu ya udongo mtupu ya 2017 ilikuwa inasema nini.